Niliandika Kwamba Hajambo

Tarehe 3 Julai. Baridi kali, manyunyu tangu alfajiri, na leo ni siku ya nne mlima haujaonekana. Nguo nilizofua juzi bado ziko mbichi kwenye kamba.

Nesi mkuu wa kliniki ameniomba niandike jinsi nilivyougua, ili wanawake wanaoanza matibabu wasomewe pale kwenye benchi. Nilimwambia mimi ni mtu wa darasa la saba, muuza mitumba, tena katika habari yangu kuna jambo ambalo si la kumsomea mgonjwa. Akasema, "Andika lote, tutaona." Basi naandika lote. Mahali nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Na nikimsema mtu vibaya nitajitahidi kusema na zuri lake, maana yeye hayupo hapa kujitetea.

Uvimbe niliuona Desemba nikiwa naoga, titi la kushoto, mdogo kama harage. Nilikaa nao miezi mitatu. Sina kisingizio, ila nieleze tu hali ilivyokuwa: kiwanda alichofanya kazi mume wangu, Baba Neema, kilikuwa kimeuzwa na watu wamepunguzwa, naye alikuwa Ngarenaro akichomelea mageti kwenye karakana ya kijana aliyewahi kuwa chini yake kiwandani. Alikuwa anarudi nyumbani Elerai hasemi. Nilijiambia nyumba yetu haiwezi kubeba mambo mawili kwa mara moja. Kufika Machi uvimbe ulikuwa kama yai la kuku wa kienyeji na ngozi juu yake imekunjamana.

Daktari wa saratani alikuwa mmoja. Sitamtaja jina. Wagonjwa tulimwita Bwana Bahasha, nitaeleza kwa nini. Mchaga, mrefu, mwembamba, sweta moja la kijivu mwaka mzima.

"Ulikuwa wapi?" aliniuliza, vidole vyake bado viko kwenye titi langu.

"Nilikuwa naangalia kama utaondoka wenyewe, Daktari."

"Umeuona ukiondoka?"

"Hapana."

"Basi ni saratani. Vaa nguo."

Nilimchukia palepale. Lakini nisiwe mwongo. Yule mtu alisomea nchi za baridi miaka mingi, na wenzake aliosoma nao walibaki huko, yeye alirudi. Alifanya kazi kwanza Dar es Salaam, ambako alisema wagonjwa walimfikia wakiwa wameshachelewa, kisha akaomba kuletwa kaskazini ili awapate mapema. Akatupata sisi, nasi tumechelewa vilevile. Ijumaa kliniki ikiisha alikuwa anakaa peke yake kwenye benchi letu, faili magotini, anaandika barua kwa wachungaji na mapadri wa vijijini kuulizia wagonjwa walioacha kuja. Nesi aliniambia kila barua ina swali moja: yu hai? Majibu alikuwa anayaandika kwenye kitabu alichokianza tangu mwaka wake wa kwanza wa kazi. Hakupokea kuku wa mtu wala mkungu wa ndizi. Ukimpelekea alikuwa anasema, "Mpelekee aliyekuja na wewe, ndiye aliyechoka."

Sasa bahasha. Alikuwa anafanya utafiti. Kulikuwa na dawa ya kawaida ya kupunguza uvimbe kabla ya kukatwa, na kulikuwa na dawa mpya, kali zaidi. Nani apate ipi, hakuamua mgonjwa wala yeye. Kwenye kabati la chuma kulikuwa na bahasha zimefungwa, zina namba. Ukifika zamu yako anafungua mbele yako, anasoma. Wanaokubali kuingia walikuwa wanapewa dawa bila kuchangia. Nilisomewa karatasi, nikapewa niisome na mimi, nikasaini.

Siku hiyo tulikuwa wawili. Mwenzangu alikuwa mama wa Kiarusha, kwao upande wa magharibi wa mlima, kwenye ng'ombe na mahindi. Jina lake Nasieku. Alinizidi kama miaka kumi, akaniita mdogo wangu tangu dakika ya kwanza, nami nikamwita dada. Bahasha yake ikasema dawa mpya. Yangu ikasema ya kawaida.

Niliona wivu. Naandika hivyo kwa sababu huko mbele msomaji atataka kujua.

Chupa ya kwanza tuliwekewa Aprili, mvua inapiga bati mpaka nesi anaongea kwa kupiga kelele. Chupa zilikuwa sita, kila baada ya wiki tatu. Dawa yenyewe nyekundu, na mkojo wako ukitoka mwekundu usipige mayowe kama nilivyopiga mimi. Siku ya tatu ndiyo mbaya kuliko ya kwanza. Harufu ya mafuta ya taa ilinitoa jikoni nikatapikia kwenye beseni la vyombo. Nywele zilianza kutoka kabla ya chupa ya pili. Ushauri wangu ni kwamba unyoe mapema, usingoje kuziokota kwenye nguo za wateja. Kucha zangu zilikuwa nyeusi kama za fundi wa magari.

Mama mkwe wangu alitoka Tengeru kuja kuniona, akasimama mlangoni. "Mwanangu alioa mtu mzima," akasema, "sasa analisha nusu." Alisema hivyo mbele ya watoto. Na mwanamke huyohuyo kila Jumamosi baada ya soko alileta maziwa, miezi yote, hata ile wiki aliyokuwa na homa. Yote mawili ni kweli na sijui niyaweke vipi pamoja. Baba Neema alihamia chumba cha watoto. Alisema ni kwa ajili ya kutapika kwangu. Lakini beseni alikuwa analimwaga yeye, asubuhi kabla sijaamka, analisuuza na kulirudisha.

Turudi kwa daktari. Kila aliyekuwa kwenye utafiti alipewa kipimajoto na daftari la kijani. Kila asubuhi upime joto, uandike, na uandike unavyojisikia: umetapika, una vidonda mdomoni, unakula. Bwana Bahasha alilirudia hili mpaka likachosha: "Dawa hii inashusha kinga ya mwili. Siku ya saba mpaka ya kumi na nne, ukiona joto limepita thelathini na nane, usinywe chochote, usiombewe kwanza, njoo. Hata usiku."

Nasieku hakujua kusoma. Alikaa kwa kaka yake, si mbali na kwetu Elerai. Kaka yake alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, anatoka alfajiri kwenda minadani, na wifi yake naye hakusoma. Nesi akanitazama. "Mama Neema, wewe ni jirani. Utamwandikia mwenzako?" Nikasema nitamwandikia.

Kwa hiyo nilikuwa napita kila asubuhi nikielekea sokoni. Namwekea kipimajoto kwapani, nasubiri, nasoma, naandika. Kisha namuuliza hali. Hapa lazima nieleze kitu ambacho kila anayeishi karibu na Waarusha anakijua, na mimi nilikijua. Salamu yao ina sehemu mbili. Kwanza ni amani: serian, sisi wazima, watoto wazima, ng'ombe wazima, mvua imenyesha. Hata kama kuna maiti ndani, sehemu ya kwanza ni hiyo, ndiyo adabu. Baada ya hapo mnatulia kidogo, mnameza mate, ndipo anasema, "Ila sasa…" na habari yenyewe inaanza.

Wiki za mwanzo nilisubiri hiyo "ila." Ilikuwa na faida, maana Nasieku alikuwa mcheshi. "Ila sasa, mdogo wangu, jana nimetapika mpaka mbuzi wa kaka akaja kuangalia kama ni chakula." Nikaandika: ametapika mara nne. Kadiri biashara ilivyonibana nikawa nasubiri kidogo tu, halafu kidogo zaidi.

Baada ya chupa ya tatu daktari alitupima. Uvimbe wa Nasieku ulikuwa umepungua nusu. Wangu uko vilevile. Nilitoka nimeshika ukuta. Kwenye benchi tulikuwa wanawake kama wanane, wote vichwa vipara chini ya vilemba, na Nasieku alikuwa na furaha, hilo ni lazima nilikubali, alikuwa na furaha ya mtu aliyeambiwa ataishi. Akaniita kwa sauti:

"Mdogo wangu! Huyo wako bado amekaa tu? Kama wifi aliyekuja kusalimia akakuta maharage yanachemka?"

Benchi zima likacheka. Mama mmoja akasema, "Mfichie kijiko, ataondoka!" Wakacheka tena. Na mimi nilicheka. Tulizoea kutaniana hivyo, hata mimi nilishamwita Nasieku yai la mbuni kwa kipara chake. Lakini siku ile niliingia chooni nikauma kitenge nisisikike.

Chupa ya nne tulipewa katikati ya Juni, siku moja. Siku ya saba nilipita kwake, nikapima, thelathini na sita na pointi nane. Siku ya nane sikupita. Siku ya tisa sikupita. Nilikuwa dhaifu, miguu haina nguvu, hilo ni kweli. Lakini sokoni nilienda, na njia ya sokoni inapita mlangoni kwa kaka yake. Nilipita ng'ambo ya barabara.

Siku ya kumi ni siku ya kuonwa na daktari. Nilimkuta Nasieku ameshafika, ameletwa na wifi yake aliyerudi nyumbani kwa watoto. Amekaa mwisho wa benchi amejifunga shuka mbili, anatetemeka. Nisikilizeni vizuri: ilikuwa Juni, Arusha. Kila mtu kwenye lile benchi alikuwa anatetemeka. Nesi mwenyewe alikuwa amevaa koti juu ya sare.

Akanipa daftari lake. "Mdogo wangu, hukuja."

"Nilikuwa naumwa."

"Pole. Sisi tuko salama. Watoto wazima, nimeletewa habari jana. Ng'ombe wazima." Akatulia. "Ila…"

"Ngoja dada, naandika," nikasema. "Wanaita."

Nikafungua daftari magotini. Siku ya nane: 36.8, hajambo. Siku ya tisa: 36.8, hajambo. Siku ya kumi: 36.8, hajambo. Niliandika zote tatu kwa kalamu moja, kwa pumzi moja, kama mwalimu anayejaza mahudhurio ya wiki Ijumaa. Kipimajoto kilikuwa kwenye mfuko wake wa plastiki, karibu na mkono wangu.

Wiki ile maabara ilikuwa haina dawa za kupimia damu, na nesi alikuwa peke yake na foleni imefika getini. Wenye daftari zuri walikuwa wanapitishwa haraka. Mlango ulikuwa wazi, nilimsikia Bwana Bahasha.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, Daktari."

"Unakula?"

"Nakula. Watoto wazima."

Akageuza kurasa. "Vizuri sana. Rudi chupa ya tano. Mwingine!"

Akatoka, akanipita, akaniwekea mkono begani. Mkono ulikuwa na moto uliopenya sweta langu. Hilo nalikumbuka. Sikuinuka.

Nasieku alikufa siku ya kumi na mbili, njiani kuletwa hospitali, kwenye gari la ng'ombe la kaka yake. Vidonda vilikuwa vimejaa mdomo mpaka kooni. Wifi yake alisema alikuwa na homa tangu siku ya nane na alikuwa anamngoja mwandishi.

Sasa linakuja lile ambalo nesi mkuu huenda atalikata. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimebakiza chupa mbili. Niliwaza: nikisema, nitatolewa kwenye utafiti, sitapata dawa, nitakufa, na Neema ana miaka tisa. Nilipokea chupa ya tano, nikapokea ya sita. Kila nilipofika daktari alikuwa anaangalia daftari langu na kusema mwandiko wangu ni mzuri. Uvimbe wangu ukaanza kupungua. Niliwekewa dawa na watu niliowadanganya, ikanifaa.

Mwisho wa Agosti, upepo na vumbi, nilienda kupangiwa siku ya upasuaji. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Nilimwambia yote, pamoja na barabara niliyovuka. Akafungua kabati, akatoa daftari la Nasieku, akaliweka mezani. Hakuuliza kama nina uhakika.

"Kwa nini leo?"

"Nimemaliza chupa, Daktari."

"Ulingoja umalize."

"Ndiyo."

"Nisingekutoa. Imeandikwa kwenye karatasi uliyosaini, ukurasa wa pili. Ukitoka au ukikosea, matibabu yako yanaendelea. Hukuisoma?"

"Niliisoma. Sikuiamini."

Akavua miwani. "Unajua nilifanya nini na daftari hili? Niliandika kwamba dawa mpya inaweza kuua bila kutanguliza homa. Mama huyu alikuwa hana homa, ndivyo mwenzake alivyoandika. Kwa hiyo wote waliokuwa kwenye dawa mpya nikawapunguzia kipimo. Miezi miwili sasa. Mmoja uvimbe umeanza kukua tena." Aliongea polepole kama anayenisomea. "Miaka yote hii nafundisha vijana kwamba dawa ndiyo hatari. Kumbe hatari imekaa kwenye benchi, ina mwandiko mzuri."

Nikalivuta daftari karibu.

Akanisukumia kalamu. Nikaufungua ule ukurasa nikaanza kufuta kwa nguvu, akanishika mkono.

"Usifute. Kwenye utafiti hatufuti. Piga mstari mmoja tu, ili la uongo liendelee kusomeka. Pembeni andika la kweli, tarehe ya leo, na sahihi."

Nikapiga mistari mitatu. "La kweli silijui, Daktari. Sijui joto lake lilikuwa ngapi."

"Basi andika unalolijua."

Nikaandika: *Sikupima.* Nikaandika tena chini yake. Nikaandika mara ya tatu, nikaweka sahihi zangu.

Nilidhani tumemaliza. Akavuta faili la Nasieku, karatasi yake mwenyewe ya siku ya kumi, palipoandikwa kwa mwandiko wake: hali nzuri, hana homa. Akapiga mstari mmoja. Pembeni akaandika: *Sikumgusa.* Akaweka tarehe na sahihi, akapuliza wino ukauke.

"Kaka yake utamwambia wewe," akasema bila kunitazama. "Leo. Mimi nitawaandikia wachungaji wa wale wengine. Niitie anayefuata."

Nilipita kwa kaka yake. Siku hiyo hakuwa mnadani. Alinisikiliza akiwa amesimama, fimbo mkononi, mkewe, yule wifi wa Nasieku, yuko nyuma yake amebeba mtoto. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja: Nasieku alinikosea nini. Nikamwambia alinitania mbele ya watu. Akatingisha kichwa kama mtu anayejaribu kusikia vizuri.

"Alinitania," nikarudia.

"Mama Neema," akasema, "usipite tena mlango huu. Upite ng'ambo ya barabara, kama ulivyozoea."

Wale waliopunguziwa dawa, nesi aliniambia walirudishiwa kipimo chao. Yule mmoja ambaye uvimbe wake ulianza kukua tena alikufa Januari. Sijui kama angepona. Daktari naye nilipomuuliza alisema hajui, na huyo ni mtu asiyesema hajui kirahisi. Titi langu lilikatwa Septemba na kidonda kimefunga. Baba Neema alirudi chumbani Krismasi. Utafiti bado unaendelea. Siku hizi mlango wa kliniki una meza, na kabla hujaingia mtu anakushika paji la uso na kukuwekea kipimajoto, hata daftari lako liwe zuri namna gani. Wewe unayesomewa haya, ukiulizwa hali yako usiseme sijambo. Sema kwanza lile la pili. Na ukiwa na mwenzako anayekuandikia, mwangalie kalamu.

Jioni ile, baada ya kutoka kwa kaka yake Nasieku, nilikuta mama mkwe ameshafika kutoka Tengeru na ameingia jikoni. Alikuwa amepika loshoro, mahindi yaliyoiva vizuri, yamechanganywa na maziwa ya mgando aliyokuja nayo. Tulikula sote sakafuni, watoto, Baba Neema, yeye na mimi. Sikuwa nimeonja ladha ya chakula tangu Aprili, na jioni ile ladha ilikuwa imerudi yote, uchachu na chumvi. Nikaomba bakuli la pili, nikalimaliza.